Nyuma Yangu Palikuwa na Ukuta

Ruangwa mjini,
9 Juni 2024

Dada Dafrosa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo.

Barua hii nampa Mikidadi, dereva wa ile Noah ya Nachingwea, pamoja na sabuni na dagaa. Ningekupigia simu, lakini tangu masikio yako yaanze kugoma, mimi huku napiga kelele mpaka wateja wanageuka, na wewe huko unajibu, "Haya, wasalimie." Bora tuandikiane.

Dada, nimepata nyumba!

Unajua nimekaa vyumba vya watu tangu nilipofungua banda langu la chakula. Huyu mwenye nyumba wa sasa alinipandishia kodi, kisha akanipandishia na sauti. Nikasema basi, natafuta changu. Lo! Tangu habari za madini ya kinywe zishike kasi, hapa katikati ya mji kila mwenye ukuta anajiona ana mgodi. Juzi nilionyeshwa banda la kuku, naapa, kinyesi bado kilikuwepo, nikatajiwa bei nikacheka nikidhani mzee ananitania. Hakuwa ananitania.

Hii niliyoipata iko nyuma ya stendi, njia ya sokoni. Ina vyumba sita, na uwani kuna mpapai na bomba la maji. Ukifungua dirisha unamwona muuza chipsi, fundi simu, vijana wa bodaboda wakibishania mpira, na duka la nguo lenye spika inayoimba tangu asubuhi. Mimi napenda kelele, dada. Wanaotaka usingizi waende Mnero.

Ilikuwa ya marehemu Bi Sabaha, bibi mmoja wa Kiyao aliyekuwa msuka mikeka. Watoto wake ni watu wazima wenye wajukuu, wanataka kuuza wagawane. Na bei yake, dada! Si ya mjini kabisa. Niombee. Nina miaka arobaini na minne, mume sina, mtoto sina. Nikipata mlango wangu wa kufunga na kufungua mwenyewe, sitaomba kingine.

Mdogo wako,
Prisila


Mnero,
16 Juni 2024

Prisila,

Milele amina. Marahaba. Dagaa wamefika. Sabuni imefika nusu, nusu nadhani Mikidadi kaogea.

Nimesoma barua yako nikafurahi. Nikairudia, nikaacha kufurahi. Wewe mwenyewe unasema banda la kuku linauzwa bei ya kuua mtu. Halafu nyumba ya vyumba sita nyuma ya stendi inauzwa bei ya huruma, na matajiri wote wa kinywe na vitambi vyao hawajaiona, kaiona Prisila wa ugali?

Uliza, mama. Usitoe hata senti mpaka umeuliza kitu kimoja: jina la huyo bibi limeinuliwa na nani? Tunasali, ndiyo, lakini sisi si wageni wa mambo hayo. Ulikuwepo Lusiana wetu alipoinua jina la bibi. Mtu akifa, jina lake linabaki chini mpaka mmoja wa ukoo akalie mkeka, afungwe kanga ya marehemu, apakwe unga kwenye paji la uso, aitwe kwa jina lile, naye aitike. Hapo ndipo watoto wa marehemu wanapata tena wa kumwita mama. Nyumba ambayo jina la mwenyewe bado liko chini haijahamwa. Mwenyewe yumo.

Ukinisikiliza mimi, ungerudi. Shamba la mama lipo, chumba chako nakifagia kila Jumamosi. Lakini kichwa chako nakijua, nilikinyoa chawa mwenyewe. Basi uliza kwanza.

Dada yako,
Dafrosa


Ruangwa mjini,
7 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Kaa kitako kabla hujaendelea.

Mimi ni mwenye nyumba!

Uliniambia niulize, nimeuliza, mambo yote yako sawa. Jina limeshainuliwa. Palikuwa na shughuli ndogo ya kifamilia, nikakaa nao, tukala wali, wakanikabidhi funguo mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Ondoa wasiwasi, kachukue mchele niliomkabidhi Mikidadi, na safari hii nimeufunga kwa kamba mbili.

Majirani wazuri sana. Ila wananichekesha. Siku ya kwanza muuza samaki alipita dirishani akasema, "Bi Sabaha, leo kuna kambale." Nikaitika! Nimeshaitika ndipo nikakumbuka kwamba si mimi, nikabaki nacheka peke yangu. Na kambale unajua simli, tangu utotoni harufu yake ikinifika natapika. Nikamnunua kwa adabu tu. Nikamla wote, dada, mpaka kichwa.

Kitu kingine ni ile spika ya duka la nguo. Nje inapasua masikio. Nikifunga mlango haisikiki. Sisemi inasikika kwa mbali. Haisikiki kabisa, wala bodaboda, wala muadhini, wala watu wa stendi wanaoita abiria. Kuta ni za tofali za kawaida. Nilimwita fundi agonge agonge, akasema hajui, akakataa hata soda.

Lakini usingizi wa humu ndani, sijapata kulala hivi.

Mdogo wako mwenye nyumba,
Prisila


Mnero,
14 Julai 2024

Prisila,

Milele amina. Mchele umefika wote, asante.

"Shughuli ndogo ya kifamilia." Wewe mtoto! Mimi nilikulea tangu mama yetu alipofariki ukiwa huna meno ya mbele, nami najua ukitaka kunificha jambo unaliita dogo. Ulipovunja chungu cha bibi ulisema kimepata ufa mdogo.

Sema kweli. Ni nani aliyekalia ule mkeka?

Kama ni wewe, na roho yangu inaniambia ni wewe, nijibu la pili. Anayeinua jina haketi peke yake. Nyuma yake anaketi mtu wa kwao. Wakishamwita jina la marehemu akaitika, yule wa nyuma naye anamwita jina lake la kuzaliwa, naye anaitika tena. Ndipo anasimama akiwa na majina mawili, la kubeba na la kwake. Lusiana nyuma yake nilikaa mimi, nikamwita mpaka koo likakauka, kwa sababu alichelewa kunijibu. Uliniona nikitetemeka ukaniuliza nina homa.

Nyuma yako alikaa nani?

Dafrosa


Ruangwa mjini,
4 Agosti 2024

Dada,

Shikamoo. Sitakuficha tena.

Ni mimi. Mabinti wa ukoo wao wote wako Dar es Salaam, na kila aliyeambiwa aje kuinua jina alisema hana nauli, au ana mtihani, au mumewe kakataa. Mzee Mbaruku, kaka wa marehemu, ndiye mwenye kauli kwa sababu ndiye mjomba. Yeye alisema haiuzwi nyumba ya mtu ambaye jina lake liko chini, na atakayekalia mkeka ndiye atakayeuziwa, hata kama si wa damu. Matajiri wa kinywe waliposikia hivyo wakaondoka wakicheka. Mimi sikucheka, dada. Niliona mlango wangu.

Zulfa, binti mkubwa wa marehemu, alinifunga kanga. Mzee Mbaruku akaniuliza, "Mtu wako wa kukaa nyuma yuko wapi?" Nikasema sina mtu. Nisamehe. Nilijua nikikuita ungekuja kuvunja shughuli mbele za watu, na nyumba ingeniponyoka. Alinitazama sana, kisha akasema, "Haya." Nyuma yangu palikuwa na ukuta.

Niliitika mara moja, sikuhisi chochote. Wakapiga vigelegele, tukala.

Sasa nisikilize, usikasirike. Zulfa ana mvi kukushinda wewe, lakini kila asubuhi anakuja kunipa shikamoo kwa magoti, "Shikamoo mama." Mwanzoni niliona aibu, nilimwinua. Siku hizi jua likipanda hajafika, moyo unaniuma, nasimama mlangoni kumwangalia mwanangu kapatwa na nini. Dada, mimi niliyefukuzwa na ukoo wa mume kwa kukosa mtoto, leo naitwa mama na watu wanne. Nikamwambie nani kwamba sitaki?

Nasuka ukili wa mikeka pia. Sikufundishwa na mtu. Vidole vinatangulia, macho yanafuata. Na juzi niligombana na muuza mkaa kwa Kiyao. Kiyao sikijui, dada. Na ugomvi nilishinda.

Mdogo wako,
Prisila


Mnero,
11 Agosti 2024

Prisila, Prisila, Prisila,

Nimeliandika mara tatu makusudi. Lisome kwa sauti.

Sijakasirika. Naogopa. Mtu anagombanaje kwa lugha asiyoijua, na bado anajisifu kwamba ameshinda?

Nakuja. Sasa hivi niko kwenye kupuliza salfa, nikiacha leo mikorosho yote italiwa na ugonjwa wa ubwiri, na tutakosa cha kula mimi na wewe. Nikimaliza tu napanda gari. Nitakaa nyuma yako hata kama nimechelewa, na nitakuita mpaka uitike. Ukiitika, nyumba wabaki nayo wao. Mimi nataka mtu wangu.

Kabla sijafika fanya hivi. Kila asubuhi kabla huyo Zulfa hajafika, sema: "Mimi ni Prisila binti Saturnini. Nimezaliwa Mnero. Kovu la gotini nililipata nilipodondoka kwenye mkorosho wa misheni nikiiba mabibo. Aliyenibeba mgongoni mpaka zahanati ni dada yangu Dafrosa." Yaandike kwa mkono wako unirudishie, nione.

Dada yako, wa tumbo moja,
Dafrosa


Ruangwa,
1 Septemba 2024

Dafrosa mwanangu,

Assalaam aleikum. Barua yako nimeipata, nimefurahi kukumbukwa.

Umeniambia niseme maneno kila asubuhi, na mimi si mkaidi, nayasema. Haya hapa, uone.

Mimi ni Prisila binti Saturnini. Nimezaliwa Mnero. Kovu la gotini nililipata nilipoteleza nikichota maji mto Mbwemkuru, mwaka ule wa njaa kabla ya Uhuru. Aliyenibeba mgongoni ni kaka yangu Mbaruku.

Nimeyasema yote, hakuna nililoruka.

Goti lenyewe linanisumbua siku hizi, nashindwa kukaa chini muda mrefu, na mkeka wa Zulfa haujaisha. Pale mbele ya stendi kuna banda la chakula, watu wananiuliza mbona nimelifunga. Nawashangaa. Mimi sijapata kuuza chakula maishani mwangu. Labda la mpangaji aliyehama.

Umesema unakuja. Karibu sana, nyumba ni kubwa. Ila mwanangu, usiwe na haraka ya kugombana na watu, utaumwa moyo bure.

Prisila
Bi Sabaha


Ruangwa,
29 Septemba 2024

Dada Dafrosa,

Assalaam aleikum. Ni mimi Zulfa, yule uliyeukataa mkono wangu pale mlangoni. Sikulaumu, hata mimi ningeukataa.

Nakuandikia kwa sababu nilizungumza nawe lakini niliona hunisikii, na watu walikuwa wengi. Uliketi nyuma yake uwani, ukaita "Prisila" mpaka vijana wa bodaboda wakazima pikipiki zao huko nje. Na uliona mwenyewe alichofanya. Aligeuka, akakupita kwa macho, akatazama ukutani kuona ni nani anayeitwa. Kisha akakukaribisha chai. Ukainuka ukaondoka, na chai ikabaki.

Ambalo hukuliona ni hili. Ulipokata kona tu, alianza kulia. Nikamuuliza, "Mama, unalia nini?" Akasema, "Sijui, mwanangu. Machozi yanatoka, lakini mimi sina huzuni." Alilia mpaka adhuhuri, na mikono haikuacha kusuka.

Nilikwenda Nambilanje kwa mjomba Mbaruku, nikamwambia akurudishie ndugu yako. Amesema wa nyuma anaita siku ile ile, juu ya mkeka ule ule. Ukishakung'utwa, hana pa kuita. Amesema alijua hatari yake, na aliona mdogo wako hana mtu, lakini alimkumbuka dada yake akanyamaza. Sasa hataki kuja mjini kumwona. Anaogopa kumfurahia.

Sisi watoto hatukutaka kumwibia mtu. Tulidhani jina linabebwa tu, kama heshima. Lakini sitakudanganya, dada. Wiki iliyopita alinigombeza kwa kutoka nje na kanga ya ndani, kwa maneno yale yale na kidole kile kile. Niliingia chumbani nikalia kwa furaha. Mungu anisamehe, na wewe ukiweza unisamehe.

Ukitaka kuzungumza naye, mwite kwa jina analoitikia. Lile la zamani likitajwa, kichwa kinamuuma siku nzima, na akiamka kesho yake anakuwa amesahau kitu kingine tena.

Zulfa


Mnero,
13 Oktoba 2024

Bi Sabaha,

Shikamoo.

Mimi ni Dafrosa, mjane, mkulima wa korosho huku Mnero. Hunifahamu. Mwezi uliopita nilikuja kwako nikakupigia kelele uwani mbele za watu. Nakuomba radhi. Nilikosea nyumba.

Nasikia una vyumba sita na unakaa peke yako. Naomba unipangishe kimoja. Mikorosho nimemwachia Kassian, jirani yangu, atavuna yeye msimu huu. Mimi sina mtoto wa kukuvunjia vyombo wala mgeni wa kukusumbua. Kelele za stendi hazinitishi, masikio yangu hayafanyi kazi. Nitafagia uwanja, nitachota maji, na ukipenda nitakupikia uji wa mtama wa karanga, maana nilimpikia mtu fulani uji huo miaka mingi, akanenepa.

Utajiuliza kwa nini mtu wa shamba anahamia mjini uzeeni. Nilikuwa na mdogo wangu, nilimlea mimi mwenyewe. Alikuwa anaishi huko huko Ruangwa. Sasa kila nikilala huku naona niko mbali na mji huo.

Sitakuuliza maswali. Ukisuka, nitakaa upande wa pili wa mkeka nikushikie ukili, basi. Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Dafrosa


Ruangwa,
20 Oktoba 2024

Bi Dafrosa,

Assalaam aleikum. Marahaba.

Chumba kipo, cha upande wa mpapai, kina dirisha la uwani. Nimeshamwambia Zulfa akifagie. Kodi tutaongea ukifika, mimi si mtu wa kubana watu. Usijali yale ya siku ile. Vijana walicheka, mimi sikucheka. Mtu aliyepotelewa na nduguye haoni aibu.

Uji wa mtama wa karanga napenda sana, sijui umejuaje.

Huyo mdogo wako nimekuwa nikimfikiria tangu barua ilipofika, mpaka natoboa vidole kwa sindano. Watu wa hapa katikati wote nawajua, na wote wananijua. Siku ile ulimtaja kwa jina, tena mara nyingi, lakini likaniponyoka. Niandikie jina lake vizuri, nitamuulizia sokoni.

Sabaha